Grisi kwenye Gurudumu la Kushoto

Mafuta ya breki yana harufu yake. Si kama petroli inayopanda kichwani, wala si kama dizeli. Ni tamu kidogo, kama dawa ya kikohozi iliyosahauliwa bila kifuniko. Baada ya matanga ya baba, mdogo wangu aliniomba nitoe vitu kwenye banda la baba la nyuma, na nilipoinua kopo moja lililoshika kutu harufu ile ikanijia puani. Niliketi juu ya tairi kuukuu nikashindwa kuendelea. Wifi yangu alinikuta hapo akadhani nalia msiba. Nililia msiba, ndiyo, lakini pia jambo nililolifanya nikiwa na miaka tisa. Sikuwahi kulisema lote kwa mdomo wangu. Sina elimu ya kulipamba. Nitalieleza lilivyokuwa.

Tulikaa Kiboriloni, si mbali na soko. Baba alikuwa dereva wa shamba la kahawa huko mlimani, na shamba lilipopata wenyewe wapya, wale wa zamani walimwachia gari bovu ambalo kuku walikuwa wamelifanya kiota. Lilikuwa gari la Kifaransa, rangi ya majivu, gia zake ziko kwenye usukani, umri wake mara mbili ya wangu. Majirani waliliita Marehemu.

"Mangi, Marehemu kaamkaje leo?" walimtania wakipita uani.

"Anakusalimu," baba alijibu bila kutoa kichwa kwenye injini. "Anauliza hiyo baiskeli yako utaacha lini kuisukuma."

Mwaka ule shangazi yangu Felista, kitinda mimba wa bibi, alikuwa anaolewa na kijana wa mjini. Misa ilipangwa Jumamosi saa nne asubuhi huko huko mjini, lakini bibi harusi ilikuwa lazima atoke nyumbani kwao Kilema, mbele ya mama yake na kaburi la baba yake. Baba ndiye kaka mkubwa. Aliahidi kumteremsha yeye mwenyewe. "Dada yangu hashuki mlimani nyuma ya pikapu kama mkungu wa ndizi," alisema, na neno akishalisema mbele ya ukoo, hakuwa mtu wa kulirudisha. Injini ilikuwa imeshakubali. Breki za mbele zilikuwa nzima. Zilizobaki ni za nyuma, na anayeijua barabara ya Kilema hathubutu kuiteremka na watu ndani ya gari linaloshika mbele tu.

Mama alikuwa amekwisha kupanda Kilema na mdogo wangu tangu Jumatatu, kusaidia kazi za mbege, pombe yetu ya ndizi. Nyumbani tulibaki baba na mimi. Ndiyo maana fundi wake nikawa mimi, mwenye vidole vyembamba vilivyoingia pale ambapo vyake havikuingia.

Jumatano tulianza na gurudumu la kushoto. Baba aliinua gari kwa jeki, akaliegemeza kwenye magogo, akatoa tairi, kisha akaigonga ile dramu ya chuma kwa nyundo, polepole, akiizunguka, mpaka ikaachia. Ndani kulikuwa na vumbi jeusi lililolowa. Silinda ndogo ya breki ilikuwa inavuja, na raba zake zimekakamaa kama maganda ya maharage. Baba alisugua ndani kwa msasa laini akaweka raba mpya. Ilikuwa miaka ile vitu vilipoanza kurudi madukani. Raba na kanda za breki alizipata mjini, kwa Bwana Ramesh wa spea, siku hiyo hiyo, na njia nzima alizishika kifuani kama mtu aliyebeba mayai.

Breki ya nyuma ni kitu rahisi. Kuna vyuma viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga, na mgongoni mwa kila kimoja umebandikwa ukanda mgumu. Ukikanyaga, vyuma vinatanuka, ukanda unaisugua dramu kwa ndani, gari linasimama. Baba alinieleza hivyo hivyo. Kisha akachota grisi kwa ncha ya kidole, akapaka kidogo sana pale vyuma vinapoegemea bati, na kwenye skrubu ya kukazia.

"Panaposuguana, Manka, weka grisi," alisema. "Chuma bila grisi kinakula mwenzake. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Nilisikia vizuri kuliko alivyotaka.

Wakati ule ule baba mdogo Severini, mdogo wake baba, akafika kutoka Kilema na maneno ya harusi. Nani atakaa gari gani, nani amekasirika hakuitwa kwenye kikao. Baba akanawa mikono akaenda kusimama naye pale kwenye ua. Mimi nikabaki nimechuchumaa mbele ya breki, nikitazama. Niliwaza: hapa baba amesahau. Ukanda ndio unaosugua kuliko vyote. Kama skrubu ndogo inapewa grisi, ukanda je? Nikachota. Nikapaka ukanda wa kwanza, nikapaka wa pili, kila mahali, kisha nikafuta kwa kitambaa ili isije ikaonekana nimemwaga. Ukabaki weusi mzuri unaong'aa, kama miguu ya mtoto aliyetoka kuoga. Moyo wangu ulijaa. Nilitaka aone mwenyewe anisifu.

Hakuona. Alirudi akiwa bado anabishana na baba mdogo, amegeuza shingo nyuma. "Mwambie mama asitie neno, Felista atakaa nyuma na matroni wake, basi!" Huku anasema hivyo akaibandika dramu kwa mikono miwili, akalirudisha tairi, akakaza nati. Nikajiambia, si kitu, nitamwambia tukimaliza la kulia.

Alhamisi asubuhi akaja Mzee Athumani, fundi wa zamani aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, kuleta koleo la kuvutia springi. Baba alikuwa amelala chini ya gari akifunga bomba, miguu yake tu ndiyo iko nje. Mimi nilikuwa nimeshachota grisi yangu, nakwenda kupaka ukanda wa kulia. Mzee Athumani akanipiga kofi mkononi, grisi ikaruka ikaangukia mchangani.

"We mtoto! Unataka kuua watu?"

"Kuna nini huko?" baba aliuliza kutoka chini.

"Mwanao huyu! Anataka kuipaka breki mafuta kama mtoto anayekwenda kipaimara!"

Baba alicheka. "Mwache, mzee. Anajifunza."

Mzee Athumani akachuchumaa, akashusha sauti. Hakuwa mkali tena, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Sikia mjukuu wangu. Grisi inateleza. Ukanda kazi yake ni kushika. Mafuta yakigusa hapa, huna breki, una sabuni. Mtu akiteremka nayo Kilema, wanakuja kuokota viatu mtoni. Anayefanya hivyo makusudi ni muuaji. Umenielewa?"

Nilielewa. Nilitazama upande wa pili wa gari, gurudumu la kushoto limefungwa, limefutwa vumbi, baba ameshalipigapiga jana kwa kiganja kama anavyopigwa ng'ombe aliyenona. Neno lile *muuaji* ndilo nililobaki nalo. Sikulisikia neno *makusudi*. Mtoto huchagua neno moja katika sentensi. Nilimwona askari wa kituo chetu akija kunichukua, nikamwona na shangazi akinitazama, amevaa gauni jeupe.

Basi kwa nini sikusema? Nimejiuliza miaka yote. Hofu, ndiyo. Lakini kulikuwa na kitu kingine. Kila asubuhi mama alinipaka mafuta miguuni, na kila siku nikirudi kutoka shule yalikuwa yamekauka, nimebaki na vumbi tu. Nikaamini grisi nayo itakauka. Leo Alhamisi, kesho Ijumaa, Jumamosi itakuwa imekwisha. Niliazima rozari ya mama iliyoning'inia kwenye kitanda nikaisali yote, si kwa ajili ya roho yangu bali ili ukanda ukauke.

Mchana tulitoa upepo kwenye breki. Mtu mmoja anakanyaga, mwingine yuko chini anafungua kipini kidogo nyuma ya gurudumu, upepo unatoka pamoja na mafuta. Nilisimama juu ya breki kwa miguu yote miwili, nimeshika usukani.

"Kanyaga!" baba aliita. "Shikilia! ... Achia! Kanyaga!"

Kila nilipokanyaga nilijua kule ndani ninapaka upya.

Jioni ile alilijaribu gari kwenye barabara tambarare ya sokoni, nikiwa kando yake. Alikanyaga breki. Gari likasimama, lakini pua likaipeleka kulia. Akarudia. Likaenda kulia tena.

"Linavuta kidogo," alisema. Akaweka gia. "Kanda mpya hizi. Zitazoea njiani."

Nilitazama dirishani nikahesabu mafungu ya nyanya ya wanawake waliokaa kando ya barabara.

Ijumaa tulipanda Kilema, yeye na mimi na magunia mawili ya mchele. Kupanda hakuhitaji breki, na kwa muda nilipumua. Lami ikaisha, tukaingia kwenye udongo mwekundu, migomba na mibuni ikasogea pande zote mbili. Lakini barabara za mlimani hazipandi tu. Kila penye mto zinashuka kwanza, zinavuka daraja, ndipo zinapanda tena. Tukiteremka kwenye mto mmoja, mbuzi akakatiza na kamba yake shingoni. Baba alikanyaga kwa nguvu. Gari likachepuka kulia, sehemu ya nyuma ikatuzunguka, tukasimama tairi la mbele likiwa juu ya majani ya ukingo. Chini yake nilisikia maji.

Mwanamke mwenye mbuzi akapiga kelele, "Yesu na Maria!" Baba alikaa ameshika usukani, kidole cha shahada kikipigapiga. Aliniangalia.

"Umeumia?"

"Hapana."

"Unataka kusema kitu?"

Nilisema, "Hapana, baba."

Akarudi nyuma polepole, tukaendelea.

Usiku wa kuamkia harusi nilibanana na mabinamu kwenye kitanda kimoja, nao walicheka mpaka wakalala. Sina cha kueleza juu ya usiku ule. Asubuhi kihamba cha bibi, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, kilikuwa kimejaa watu na moshi wa mtori. Pikapu iliyobeba ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa, pamoja na mama na wazee wengi ilikuwa imeshateremka tangu alfajiri. Gari lililobaki lilikuwa letu tu, limefungwa utepe mweupe na maua ya bougainvillea kwenye boneti. Ndani yake wangekaa shangazi, matroni wake, bibi yangu na mimi mbele. Bibi alikuwa hajateremka mjini tangu babu afe.

Wanaume walikuwa wamelizunguka gari wakimtania baba.

"Mangi, likikataa kusimama Himo, tutakufuata mpaka Mombasa?"

"Aisee, shemeji zetu wataoa vipande!"

Baba, amevaa suti yake moja, alicheka nao. "Breki hizi nimezitengeneza kwa mikono yangu."

"Wewe cheka," baba mdogo Severini alisema. "Mnakumbuka lile lori la mkaa pale mtoni? Lilivuja mafuta kidogo tu kwenye breki ya nyuma. Mafuta yakiingia pale, kaka, unabaki na Mungu wako."

Wakati huo huo mlango wa nyumba ukafunguka, wanawake wakapiga vigelegele, shangazi Felista akatoka. Alishika gauni kwa mikono miwili lisiguse udongo. Bibi alimfuata nyuma akiwa na viatu vipya vinavyombana. Walikuwa wanakuja kwenye gari. Matroni alishafungua mlango.

Sikujua niseme nini, wala nimwambie nani katikati ya watu wazima wote wale. Lakini Krismasi iliyopita nilikuwa nimeona jambo. Baba mdogo alikuwa amegombana na bibi, hawasemeshani, na siku moja akaja asubuhi ameshika jani la isale, lile refu linalopandwa kwenye mipaka na makaburi. Alimkabidhi bila kusema. Kwetu, anayeletewa isale hawezi kukataa kusikiliza. Nilikimbia nyuma ya nyumba, penye kaburi la babu, nikang'oa jani, nikapita katikati ya miguu ya watu, nikasimama mbele ya baba na kumnyooshea kwa mikono miwili.

Kwanza wakacheka. "He! Kabinti kana kesi!" mmoja akasema. "Kameiba nyama ya ndafu!"

"Nyamazeni," bibi alisema. "Isale haichekwi, hata ikishikwa na mtoto."

Baba alilipokea lile jani. Akachuchumaa na suti yake mpaka macho yetu yakawa sawa.

"Umefanya nini, Manka?"

"Nilipaka grisi."

"Wapi?"

"Panaposuguana. Kwenye ukanda."

Niliona uso wake unavyobadilika, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa kutoka mbali. "Gurudumu lipi?"

"La kushoto. Ulipokuwa unaongea na baba mdogo."

Shangazi aliachia gauni lake, ncha ikagusa udongo. Kisha baba akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Umejua lini kuwa ni makosa?"

Watu wote walinitazama. Bibi alinitazama. Nikasema, "Sasa hivi. Baba mdogo aliposema habari za lile lori."

Baba aliligeuza lile jani mkononi. Alinitazama kwa muda ambao mpaka leo siwezi kuupima. Halafu akainuka, akawageukia watu.

"Mmesikia. Mtoto amejua sasa hivi, na hapo hapo amesema. Kosa ni langu. Nilifunga gurudumu nimegeuza shingo, sikutazama. Severini, lete jeki. Mama, naomba makaa."

Mama mmoja mzee akaguna, "Saa nne haingoji." Baba akavua koti akamkabidhi shangazi, akajifunga kanga ya bibi kiunoni, akalala chini. Wanaume walewale waliokuwa wanamtania wakakata kigogo cha mkaratusi kuzuia magurudumu. Dramu ilipotoka niliviona vyuma vile viwili. Grisi ilikuwa haijakauka hata kidogo. Ilikuwa imeenea, nyeusi, mpaka kwenye dramu. Baba alivisugua kwa petroli, akaviacha vikauke kwenye upepo mbali na moto, akavipiga msasa, kisha akavishika kwa koleo juu ya makaa ya bibi mpaka ukanda ukatoa jasho la mafuta na moshi mchungu. Akapiga msasa tena. Akarudia mara tatu. Shangazi alikaa kwenye kigoda, shela limekunjwa mapajani, analia taratibu ili rangi ya macho isiharibike. Nilitamani anitukane. Hakunitukana.

Tulipoondoka jua lilikuwa limepanda sana. Baba kwanza aliliteremsha gari peke yake mpaka kwenye kona ya kwanza, akasimama, akarudi. Halafu akawaruhusu wakae. Njia nzima bibi alisali kwa Kichagga chini chini. Kila mteremko baba alitumia gia ndogo, akakanyaga kidogo, akaachia, akakanyaga. Nilitazama pua ya gari. Haikwenda kulia. Pale penye mto, ambapo jana yake tairi lilikaa kwenye majani, nilifumba macho, na nilipoyafumbua tulikuwa tunapanda upande wa pili.

Tulipofika kwenye lami, chini, baba alisimamisha gari pembeni. "Dakika moja," aliwaambia wa nyuma. Akashuka, akazunguka, akanifungulia mlango. "Njoo."

Aliusogeza mgongo wa mkono wake karibu na gurudumu la kulia la nyuma, kisha la kushoto. Akaushika mkono wangu akaufanya ufanye vile vile. Breki inayoshika hupata moto. Upande mmoja kulikuwa na joto. Upande wa pili kulikuwa na joto lile lile.

"Yamelingana," alisema.

"Ndiyo, baba."

Ndani shangazi alikuwa anauliza saa. Baba aliinama kana kwamba anatazama tairi, mdomo wake ukawa karibu na sikio langu. Sauti yake haikuwa na hasira.

"Siku nyingine," alisema, "usingoje siku mbili."

Kisha akajifuta mikono kwenye ile kanga, akazunguka, akakaa kwenye usukani, akaniachia mlango wazi.